Soko huria na Muswada Namba 7: kisa cha umeme wa Texas

Wadau, kila nikikaa na watu wa rika langu hapa Dar, umeme ukikatika tu, lazima atokee mmoja aseme: "Dawa ni kuliachia soko." Mara nyingi anayesema hivyo ni msomi, ana digrii yake ya uchumi au biashara, na ukimbana atoe mfano atataja Marekani. Ukimbana zaidi atataja Texas. Kule, atakwambia, mteja anachagua kampuni ya umeme kama sisi tunavyochagua laini ya simu.

Mimi si mchumi. Ni mwandishi wa gazeti, kazi yangu ya kila siku ni kukaa kwenye mikutano ya waandishi wa habari na kuandika alichosema mheshimiwa. Lakini huu mfano wa Texas umekuwa ukinikera, si kwa sababu ni wa uongo (mteja anachagua kweli), bali kwa sababu wanaoutaja hawasimulii ulianzaje na uliwafikisha wapi. Nimekuwa nikiusoma kwa miezi kadhaa sasa. Leo naandika nilichokipata. Ni kirefu kidogo, kwa hiyo kaa mkao wa kula.

Kwanza lijue bunge lenyewe, maana bila hilo hutaelewa kitu. Marekani kila jimbo lina bunge lake, na hilo ndilo linaloamua mambo mengi yanayomgusa raia kila siku: shule, barabara, kodi ya majengo, leseni ya kinyozi, umeme. Bunge la Texas lina maseneta 31 na wawakilishi 150, na linakaa Austin. Kwa mujibu wa katiba yao ya mwaka 1876, na marekebisho yaliyokuja baadaye, linakutana mara moja tu kila miaka miwili, ile yenye namba witiri, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari, na halizidi siku 140. Lisipomaliza kazi, basi, tuonane miaka miwili ijayo, labda gavana aliite kwa kikao maalumu cha siku 30. Mshahara wa mbunge ni dola 600 kwa mwezi, ukiacha posho ya siku za kikao. (Nawaona waheshimiwa wetu wa Dodoma wanavyojikuna kichwa.) Imani nyuma ya mpango huo ni kwamba serikali ikikaa kidogo itaharibu kidogo. Wenyewe wana utani wa miaka mingi: eti ilikusudiwa bunge likae siku mbili kila baada ya miaka 140, mpiga chapa akakosea.

Sasa fikiria matokeo yake. Bunge likiwa na siku 140 tu, mwenye orodha yake tayari mkononi ndiye anayetangulia. Miswada inaanza kupokelewa Novemba, baada tu ya uchaguzi, nayo hufika maelfu. Mbunge wa dola 600, ambaye nyumbani ni wakili au mfugaji au muuza magari, hawezi kuisoma yote. Ndiyo maana kabla ya kila kikao wapo watu wa kumwandalia. Upande wa soko huria inayojulikana zaidi ni Texas Public Policy Foundation, taasisi iliyoanzishwa San Antonio mwaka 1989. Orodha za upande huo hazibadiliki sana: kodi ya majengo ipungue, matumizi ya serikali yawekewe kikomo, mzazi apewe fedha ya umma akasomeshe mtoto shule binafsi (hili lilipigiwa kelele miaka nenda rudi na lilipita 2025), masharti ya leseni kwa kazi ndogondogo yalegezwe.

Sina ugomvi na orodha. Vyama vya wafanyakazi wana zao, walimu wana zao, wenye visima vya mafuta ndiyo usiseme. Nataka kufuata kipaumbele kimoja tu, kuanzia kilipokuwa hoja kwenye karatasi mpaka kilipoingia ndani ya nyumba za watu. Hicho ni umeme.

Texas ina tabia moja ambayo haipo kwingine Marekani Bara: ina gridi yake. Marekani Bara imegawanyika gridi kuu tatu, ya mashariki, ya magharibi, na ya Texas. Hii haikutokea kwa sababu ya milima au jangwa. Mwaka 1935 serikali ya shirikisho ilipata mamlaka ya kudhibiti umeme unaovuka mipaka ya majimbo. Makampuni ya Texas yakafanya hesabu rahisi: umeme wetu usipovuka mpaka, Washington haituhusu. Wakawa waangalifu kama mtu anayekwepa kituo cha ukaguzi. Mwaka 1976 kampuni moja mama iliyotaka kulivunja agizo hilo iliwasha laini usiku, kutoka mji wa Vernon kuingia Oklahoma, kwa saa chache tu. Wenyewe wanaiita Unganisho la Usiku wa Manane, na kesi zake zilichukua miaka. Gridi ilibaki peke yake. Msimamizi wake anaitwa ERCOT, chombo kilichoundwa 1970, na juu yake yupo mdhibiti wa jimbo, Tume ya Huduma za Umma, iliyoundwa 1975. Kwa lugha ya kwetu, huyo wa pili ndiye EWURA yao.

Kwa hiyo bunge la Austin, la siku 140, lilikuwa na kitu ambacho bunge la jimbo lingine lolote halikuwa nacho: gridi nzima ambayo lingeweza kuiandikia sheria bila kuulizwa sana na Washington.

Mwaka 1995 walifungua soko la jumla, yaani wenye mitambo waruhusiwe kushindana kuuza umeme. Jaribio la kufungua rejareja mwaka 1997 lilikwama. Kikao cha 1999 kikaja na Muswada wa Seneti Namba 7. Aliyeubeba Seneti ni David Sibley, Mrepublican wa Waco, na kule Baraza la Wawakilishi ni Steve Wolens, Mdemokrati wa Dallas. Gavana alikuwa George W. Bush, akijiandaa kugombea urais. Na mshabiki mkubwa wa nje alikuwa Enron, kampuni ya Houston, pamoja na mkuu wake Kenneth Lay, rafiki na mfadhili wa Bush. Bush alisaini Juni 1999.

Hapa ndipo naomba msomaji anisikilize vizuri. Ukimsikiliza jamaa yetu wa kijiweni utadhani kilichofanyika 1999 ni serikali kuondoka, mlango ukafunguliwa, soko likaingia lenyewe. Hapana. Ule muswada ni mrefu na kila kifungu chake ni makubaliano kati ya wenye maslahi. Kampuni zilizokuwa zikifanya kila kitu zilitakiwa kugawanywa mara tatu: anayezalisha, mwenye nguzo na nyaya, na anayemuuzia mteja. Mwenye nguzo aliendelea kudhibitiwa bei, maana huwezi kuwa na makampuni matano yakichimbia nguzo tano mbele ya nyumba moja. Makampuni makongwe yaliruhusiwa kufidiwa na wateja kwa mitambo ya ghali iliyojengwa zamani. Mteja mdogo alipewa punguzo la asilimia 6 na bei elekezi hadi mwanzo wa 2007. Watu wa mazingira walipata kifungu cha kulazimisha megawati 2,000 mpya za nishati jadidifu kufikia 2009. Miji yenye mashirika yake ya umeme, kama Austin na San Antonio, na ushirika wa vijijini, waliruhusiwa kubaki nje ya ushindani. Wengi walibaki nje hadi leo. Yaani ukiwa Austin, mji ambako sheria ilitungwa, huchagui kampuni ya umeme!

Najua utaniuliza kuhusu California. Ni kweli, wao waliwatangulia. Bunge lao lilipitisha sheria ya kufungua soko mwaka 1996 bila kura hata moja ya kupinga, na soko likafunguliwa 1998. Bei ya jumla iliachwa huru, ya rejareja ikafungwa. Mwaka 2000 na 2001 bei ya jumla ilipaa, giza likaingia kwa zamu, kampuni kubwa ya umeme, PG&E, ikafilisika Aprili 2001, na ikaja kugundulika kwamba wachuuzi wa Enron walikuwa wakichezea soko kwa mbinu walizozipa majina ya kejeli kama "Death Star" na "Get Shorty". Gavana Gray Davis aling'olewa kwa kura ya wananchi Oktoba 2003, akaingia Arnold Schwarzenegger. Enron yenyewe ilifilisika tarehe 2 Desemba 2001. Mwezi mmoja baadaye, 1 Januari 2002, Texas ikafungua soko lake kama ilivyopangwa. Ni ujasiri wa aina yake, lazima tukubali.

Na kwa miaka mingi ilionekana ni ujasiri uliolipa. Mitambo mipya ya gesi ilijengwa kwa fedha za wawekezaji, si za mlipa kodi. Upepo ulishika kasi kupita lengo la sheria, na mwaka 2006 Texas iliipita California ikawa ya kwanza Marekani kwa umeme wa upepo. Jimbo la mafuta, la Warepublican! Ila angalia: upepo wa magharibi ya Texas usingefika Dallas bila nyaya, na nyaya zililetwa na sheria nyingine ya mwaka 2005, zikagharimu karibu dola bilioni 7 zilizolipwa na wateja wote. Soko lilifanya kazi nzuri pale ambapo bunge liliamua kulijengea barabara. Kuhusu bei, ubishi haujaisha. Wall Street Journal mwaka 2021 lilipiga hesabu kwamba wateja wa kampuni za ushindani walilipa dola bilioni 28 zaidi, tangu 2004, kuliko ambavyo wangelipa kwa viwango vya kampuni za mfumo wa zamani. Watetezi wanasema miaka ya mwanzo gesi ilikuwa ghali na baada ya hapo bei ilishuka. Wote wana hoja.

Tatizo lilikuwa sehemu nyingine kabisa, na kulielewa nitakupeleka stendi. Tuseme njia ya Mbagala ina daladala 100 zinazotosha siku za kawaida. Siku ya mvua kubwa zinahitajika 130. Nani atanunua zile 30 na kuziegesha akisubiri mvua? Kuna majibu mawili. La kwanza, umlipe mwenye basi kila mwezi kwa kuwa tayari tu, apakie asipakie. La pili, usimlipe chochote, ila siku ya mvua umruhusu atoze nauli anayotaka, akijua kwamba siku nne za mvua zitarudisha gharama ya mwaka mzima. Masoko mengi ya umeme Marekani yana sura ya jibu la kwanza. Texas ilichagua la pili. Mzalishaji analipwa kwa umeme aliouza tu. Kumpa hamu, mdhibiti alipandisha kikomo cha bei ya jumla hatua kwa hatua mpaka mwaka 2015 kikafika dola 9,000 kwa megawati-saa. Ujue kwamba wastani wa bei hiyo mwaka 2020 haukufika dola 30.

Hapa nigeuke nyumbani kidogo, kwa sababu Januari 2002 haikuwa ya Texas peke yake. Mwezi huohuo mtambo wa IPTL pale Tegeta, megawati 100, ulianza kuiuzia TANESCO umeme kibiashara, chini ya mkataba wa miaka 20 uliosainiwa 1995. Upepo ulikuwa uleule wa miaka ya tisini: serikali zipunguze mkono, sekta binafsi iingie. Lakini sisi tuliandikiwa jibu la kwanza tena kwa wino mzito: tunalipa gharama ya mtambo kuwepo, ukiwashwa usiwashwe. Tumelipia basi lililoegeshwa kwa miaka, tukagombana mahakamani, tukafika kwenye Escrow ya 2014. Na ukame wa 2006 ulipotuletea mgao (nakumbuka mishumaa tu, nilikuwa mdogo), kampuni iliyopewa kazi ya dharura ya megawati 100, Richmond, ilijitambulisha kuwa inatoka wapi? Houston, Texas. Kamati teule ya Bunge chini ya Dk Harrison Mwakyembe ilieleza kwamba kampuni hiyo haikuwa na uwezo, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Kwa hiyo yule anayesema "tuliachie soko" asisahau kwamba tulishawahi kulialika, na lilikuja na mkataba.

Turudi Texas. Mtambo unaotegemea siku chache za uhaba kupata faida una udhaifu mmoja wa wazi: mwenye mtambo hana sababu ya kutumia fedha kujikinga na baridi inayokuja mara moja kwa miaka kumi, hasa kama jirani yake hatumii. Texas ni jimbo la joto. Mitambo mingi imejengwa mabomba yakiwa wazi, ili joto litoke. Kule Minnesota mtambo umefungiwa ndani ya jengo.

Na hawakukosa onyo. Tarehe 2 Februari 2011 baridi kali iliangusha mitambo, watu zaidi ya milioni 3 wakakatiwa kwa zamu. Agosti ya mwaka huohuo wakaguzi wa shirikisho walitoa ripoti nene: fungeni mabomba, wekeni vihami joto, hakikisheni visima vya gesi havigandi. Walikumbusha kwamba ushauri wa namna hiyo ulishatolewa baada ya baridi ya 1989. Bunge la 2011 lilipitisha nini? Sheria ya kutaka makampuni yapeleke taarifa za maandalizi yao. Taarifa, si maandalizi. Kulazimisha kungeongeza gharama, na kipaumbele cha vikao vile kilikuwa kupunguza masharti kwa biashara. El Paso, mji wa Texas ulio nje ya gridi hiyo, ukiwa umeunganishwa na gridi ya magharibi, kampuni yake ya umeme iliwekeza baada ya 2011 kuikinga mitambo. Ukumbuke mji huo, tutaurudia.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, 15 Februari 2021, theluji ilikuwa imefunika sehemu kubwa ya Texas. Mitambo ilianza kudondoka mmoja baada ya mwingine. Umeme wa Marekani hupiga mawimbi 60 kwa sekunde. Yakishuka chini ya 59.4 kwa dakika tisa, mitambo inajizima yenyewe kujiokoa, na gridi nzima inaanguka kwa wiki kadhaa. Usiku ule yalikaa chini ya hapo kwa dakika nne na ushei. ERCOT ilisema baadaye kwamba zilibaki dakika 4 na sekunde 37. Wakaamuru watu wakatiwe, mpaka kufikia megawati 20,000, ambazo ni zaidi ya mara kumi ya mitambo yote tuliyokuwa nayo Tanzania mwaka ule. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zikaingia gizani.

Tena si mgao wa zamu kama tunaoujua sisi. Ukitoa laini zenye hospitali na huduma muhimu, hazikubaki laini za kutosha kupokezana. Aliyekatwa alikatwa, siku mbili, siku tatu, ndani ya nyumba zilizojengwa kwa ajili ya joto. Maghorofa matupu ya ofisi katikati ya Houston yakiwaka taa, mitaa ya pembeni watu wanachoma samani. Wengine waliwasha magari ndani ya gereji wapate joto, moshi ukawaua.

Na kuna hili, ambalo nililisoma mara mbili nikidhani sijaelewa. Visima na mitambo ya kusukuma gesi inatumia umeme. Wenye visima wengi hawakuwa wamejaza fomu ya kujiandikisha kama wateja muhimu wasiokatwa. Kwa hiyo umeme ulipokatwa, gesi ilipungua. Gesi ilipopungua, mitambo ya umeme ikazimika. Ikabidi ukatwe zaidi. Fomu ya kurasa mbili! Mdhibiti wa gesi Texas, kwa taarifa yako, anaitwa Tume ya Reli, na haishughuliki na reli hata kidogo tangu 2005.

Gavana Greg Abbott alikwenda kwenye televisheni akalaumu mitambo ya upepo na jua. Baadhi ya mitambo ya upepo iliganda kweli, lakini ripoti ya shirikisho ya Novemba 2021 ilionyesha sehemu kubwa ya mitambo iliyoshindwa ilikuwa ya gesi. Rick Perry, gavana wa zamani, aliandika kwamba Watexas wangekubali kukaa bila umeme hata zaidi ya siku tatu kuliko kuiacha serikali ya shirikisho iingilie mambo yao. Idara ya afya ya jimbo ilihesabu waliokufa: 246, wengi wao kwa baridi. El Paso ilikatikiwa kidogo tu, kwa muda mfupi.

Nimefika kwenye bei sasa, na hapa ndipo ule wimbo wa soko huria unaponishinda kuimba. Jumatatu ile, watu wakiwa gizani, mashine ya soko ilikuwa inaonyesha bei ikishuka wakati mwingine hadi kama dola 1,200. Sababu ni kwamba mtu aliyekatiwa hahesabiwi kama mnunuzi, kwa hiyo kompyuta iliona mahitaji yamepungua. Makamishna wa jimbo wakakutana wakasema bei hiyo haiwezi kuwa sahihi, wakaamuru iwe 9,000. Sijakosea kuandika. Ile bei maarufu, ambayo imeandikwa kote kuwa ndiyo soko likifanya kazi yake, iliwekwa kwa amri ya ofisi ya serikali. Ikaachwa hapo mpaka asubuhi ya 19 Februari, zaidi ya siku nzima baada ya agizo la kukata watu kuondolewa. Mkaguzi huru wa soko alisema saa hizo za ziada zilitoza takriban dola bilioni 16 zisizostahili. Seneti, chini ya Warepublican haohao, ikapitisha ndani ya siku moja muswada wa kurekebisha bei. Baraza la Wawakilishi likakataa kuugusa, hoja ikiwa kwamba mikataba ya soko haifumuliwi. Juni 2024 Mahakama Kuu ya Texas iliamua kwamba tume haikuvuka mamlaka yake ilipotoa amri zile.

Nani alilipa? Kulikuwa na kampuni inaitwa Griddy, iliyompa mteja bei ya jumla moja kwa moja, ada dola 10 kwa mwezi. Siku za kawaida ni raha. Wiki ile wateja walipata bili za zaidi ya dola 5,000 kwa siku chache, zikikatwa moja kwa moja kwenye kadi zao. Wenzangu wa LUKU, sisi angalau uniti zikiisha zimeisha. Kampuni ilifilisika, madeni ya wateja ya dola milioni 29 hivi yakafutwa. Brazos, ushirika mkubwa wa umeme wa vijijini, ulifilisika tarehe 1 Machi ukidaiwa zaidi ya dola bilioni 1.8. Makamishna wote watatu waliondoka, mkuu wa ERCOT akafukuzwa. Na sehemu ya gharama za wiki ile bunge lilizigeuza kuwa hati za mkopo zitakazolipwa na wateja kidogokidogo, nyingine hadi miaka 30. Hata waliohamia Texas baada ya baridi ile wanazilipa.

Kikao kilikuwa kinaendelea wakati watu wanakufa; ilikuwa mwaka witiri. Juni 2021 gavana alisaini sheria ya kulazimisha mitambo ikingwe na baridi, kwa faini inayoweza kufika dola milioni moja kwa siku kwa kosa. Ndiyo ileile iliyopendekezwa 2011. Kikomo cha bei kilishushwa hadi dola 5,000. Novemba 2023 wapiga kura wakaidhinisha mfuko wa jimbo, dola bilioni 5 kwa kuanzia, wa kuwakopesha kwa riba nafuu wajenzi wa mitambo ya gesi, kwa sababu soko lenyewe halikuwa likiijenga ya kutosha. Wawekezaji walikuwa wanajenga jua na betri, ambavyo ni rahisi zaidi. Soko lilikuwa limesema, wazee wa soko hawakupenda lilichosema.

Kikao cha 2025 kiliendeleza hadithi. Miswada ya kubana upepo na jua ilipita Seneti, ikafia upande wa pili. Ulioshinda ni Muswada wa Seneti Namba 6, unaohusu wateja wakubwa kama vituo vya data vya akili mnemba, vinavyomiminika Texas kufuata umeme. Wapya wenye mahitaji ya megawati 75 na kuendelea watatakiwa wakubali kukatwa gridi inapokuwa kwenye dharura, kabla ya kufikia nyumba za watu. Safari hii zamu ya kukatwa kwanza imeandikwa kwenye sheria.